Ndoa Kwanza, Talaka Baadaye

Jumatatu, 3 Februari 2025

Imetosha! Mke wangu Wamucii amewasha jiko kwa makala yangu. Kurasa nzima dhidi ya wezi wa kahawa yetu, majivu chini ya sufuria ya githeri. Ati alidhani ni gazeti kuukuu. Nataka talaka! Nimeshuka Nyeri mjini kwa wakili Ngatia. Akaomba cheti cha ndoa. Cheti! Tulioana kwa mbuzi na wazee, si kwa karatasi. Akasema bila cheti hakuna talaka. Nikaandikishe ndoa kwanza, tena twende wote wawili. Yaani serikali inaniamuru nimwoe mke ili nimwache!

Jumanne, 4 Februari

Nimemwambia Wamucii tuandikishe ndoa, kwa mapenzi. Akanigusa paji la uso, akauliza kama nimeanguka kutoka kwenye mparachichi. Kisha akakubali. Amenasa! Ila kaka yake, Kingori, lazima atushuhudie.

Jumatano, 5 Februari

Othaya. Kingori amecheka hadi kofia ikamdondoka. Ati atashuhudia nini, nami sijafanya ngurario, sherehe ya kukamilisha ndoa? Ati mwanamume asiyemkatia mke bega la mbuzi mbele ya watu ni mgeni tu aliyechelewa kurudi kwao. Mgeni! Binti yetu Anita yuko chuo kikuu! Nimekubali, nikisaga meno.

Jumamosi, 15 Februari

Ngurario. Kijiji kizima. Wamenipa kisu butu, makusudi. Nikalishambulia bega kama ninavyowashambulia wezi wa kahawa. Likakataa. Kingori akapaza sauti kuuliza kama ninakata nyama au ninaiandikia makala. Vicheko. Mwishowe likakatika, vigelegele. Nikamlisha Wamucii kipande. Akalia. Hasira zikanizidi. Machozi hayakuwa kwenye mpango.

Alhamisi, 27 Februari

Cheti ninacho! Sasa Ngatia anataka ushahidi wa ukatili. Rahisi. Nimeandika makala mapya, makali, nikayabana kwa pini pamoja na cheti ili mashtaka yawe tayari, nikayaweka kando ya jiko. Ayaguse tu!

Ijumaa, 28 Februari

Ameyachoma. Na cheti. Nilibana vizuri mno.

Nikanguruma. Akajibu bila kugeuka: Baba Anita, karatasi ya nini, na kijiji kizima kilikuona ukihangaika na lile bega? Akanipakulia githeri. Nimekula kwa hasira, sahani mbili.

Lakini hajui anapigana na nani! Cheti kingine kinapatikana, ila lazima twende naye tena. Nimemnunulia leso mpya. Nimemwambia nampenda. Hashuku chochote.