Ramani ya Jicho la Gindo

Redio ilisema asubuhi ile kwamba mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho ikianza kuvuja na kuziba, moyo nao uko hatarini. Ilisema mara moja tu, ikaweka muziki. Lakini kwenye benchi la mbele ya duka la matairi, pale mjini Sevare, ubishi ulichemka kabla ya birika.

"Jicho na moyo wapi na wapi?" alisema Kambare. "Kesho watatuambia goti linauma kwa sababu ya sikio."

Jina lake hasa ni Sininta, Mbozo, wa kabila la wavuvi wa mtoni, fundi wa injini za mitumbwi. Aliyembishia alikuwa Barema, karani mstaafu wa posta, ambaye hubeba redio yake kama mtoto mchanga, na ndiyo maana wanamwita Redio. Alieleza kwamba mishipa midogo ndiyo hutangulia kuharibika, na kwamba jichoni ndiko daktari anaweza kuiona bila kumpasua mtu. Kambare akamuuliza kama posta walikuwa wakipeleka barua au damu.

Wa tatu alikuwa Gindo. Yeye ni Mdogoni, muuza vitunguu, na zamu ya kumimina chai ilikuwa yake. Chai ya kwanza aliimimina nje ya glasi.

"Kitunguu, leo umemeza ulimi? Lete kokwa ya kola nitafune," alisema Kambare, na mkono wake ukawa umeshazama kwenye mfuko wa kanzu ya Gindo.

Hilo halikuwa la ajabu. Mdogoni na Mbozo ni watani wa kabila tangu enzi za babu zao. Mtani akikutia mkono mfukoni, unacheka. Akikuomba kitu kwa jina la utani, unatoa. Sikukuu ya mwaka jana Gindo alimwomba Kambare viatu alivyovaa, na Kambare akarudi kwake pekupeku, akicheka njia nzima.

Ila safari hii Gindo hakucheka. Mkono ulitoka na bahasha, na ndani ya bahasha mlikuwa na picha: duara kubwa la rangi ya chungwa, doa jeupe ndani yake, na vijito vyekundu vikitawanyika kutoka kwenye lile doa.

Kambare aliigeuza, uso ukamng'aa.

"Mto wangu huu, umepigwa picha kutoka kwenye ndege. Hili jeupe ni Ziwa Debo. Hapa kwa kina mama yangu." Kidole kikatembea, kisha kikasita. "Lakini wameupiga mwaka mbaya. Hapa kijito kimepasuka, maji yamemwagika. Hiki kimeziba. Na hiki. Vijito vikifa hivi, jamani, mto wenyewe hauna siku nyingi."

Gindo aliinamia birika. Daktari wa macho alitumia nusu saa kumweleza jambo hilohilo, na hakulieleza vizuri kama huyu mnuka samaki.

Redio alivaa miwani, akasoma maandishi madogo ya chini. "Gindo Amadinge. Miaka hamsini na miwili. Jicho la kushoto."

Hata fundi wa matairi aliacha kugonga.

"Tangu lini?" aliuliza Kambare.

"Siku tisa. Nilikwenda kutafuta miwani. Daktari akasema nikapime moyo."

"Na umefanya nini?"

"Nimeuza vitunguu."

Kambare alijinyoosha juu ya benchi, akafumba macho, akajifunika leso usoni. Akatangaza kwamba yeye sasa ni maiti ya Gindo, wamzoee. Akaeleza atakavyolala ndani ya kaburi la mtani wake na kukataa kutoka mpaka mjane ampe magunia saba ya vitunguu na yule punda. Gindo alicheka mpaka akashika mbavu. Kicheko kilipokwisha, aliichukua picha, akairudisha kwenye bahasha.

"Wakiupima wakaukuta mbovu je?" alisema kwa sauti ndogo.

Maiti ikaondoa leso. "Kwa utani wa babu zetu, nakuomba moyo wako. Kuanzia sasa ni wangu. Na mali yangu nataka ikapimwe leo, kabla hospitali haijafunga."

Gindo alitafuta pa kutokea. Alitaja lori la vitunguu linaloingia mchana. Alitaja goti. Lakini kwenye benchi lile hakuna mtu aliyewahi kumnyima mtani. Akasimama, akakung'uta kanzu, na hapo ndipo wazo lilipomjia.

"Sawa, chukua moyo. Na mimi nakuomba macho yako. Yote mawili. Yakapigwe picha leo."

Kambare alikaa wima. "Macho yangu ni ya samaki. Yanaona mpaka chini ya maji."

"Jana ulimsalimia mbuzi."

"Alikuwa na ndevu."

"Ulimuuliza habari za watoto."

Waliondoka kwa pikipiki moja, wakigombana nani akae nyuma: mwenye moyo mbovu au kipofu.

Barema alibaki na birika. Akajimiminia glasi ya tatu, ya kufungia chai, ile tamu kuliko zote, akaegemea ukuta. Muziki ukaisha, na redio ikaanza kueleza dalili za kwanza za ugonjwa wa figo.

Aliizima, kwa mara ya kwanza tangu ainunue.