Rilei ya Mamlaka

“Barua ya Mamlaka haiwezi kubebwa na mtu baki!” Bwana Patroba alipiga meza, chai ikamwagika. “Kuanzia leo natangaza Uhuru Kamili wa Barua Pepe. Tuna seva yetu. Itume yenyewe!”

“Mkubwa, inatumanga,” Awinja akajibu. “Shida ni zinakofikia. Zinaangukia kwenye taka.”

Ilikuwa saa nne asubuhi katika Mamlaka ya Uratibu wa Matumaini ya Vijana, Kakamega. Awinja ndiye aliyetunza seva hiyo, na Patroba ndiye aliyekuwa Mkurugenzi. Vijana mia mbili na kumi na wawili walikuwa wamepata nafasi za kusomea uuguzi, na walitakiwa kujibu barua zao kabla ya saa kumi na moja jioni hiyo, la sivyo wazikose. Hakuna aliyeiona barua yake. Mlangoni alisimama Sellah, aliyetoka Lumakanda siku ya tatu mfululizo kuuliza kama jina lake lipo. Lilikuwepo, mstari wa tisa. Lakini utaratibu ulikataza majina kutajwa kwa mdomo.

Dawa Awinja alikuwa ameipendekeza wiki mbili nyuma: huduma ya rilei. Unaikabidhi barua zako, nayo inazifikisha, kwa sababu huko nje inaaminika kuliko seva yako. Alikuwa tayari ameiunganisha, kilichobaki ni idhini. Kwenye fomu aliandika neno moja tu, rilei, na hapo ndipo alipokosea.

Kamati ya Mamlaka ikadhani ni mbio za kupokezana kijiti, ikamwita afisa wa michezo, Kipchirchir. Kwa siku kumi na nne ilijadili, kwa uzito unaostahili, kama wakimbiaji wawe wanne au wanane, kijiti kiwe cha mbao au cha chuma, na nani akimbie mkondo wa mwisho kutoka Malava. Ripoti ilitoka na kurasa sitini. Iliidhinisha suti za mazoezi, na kushauri kwamba barua za Lugari zisikimbizwe mvua ikinyesha.

“Mimi nilijiuliza,” Kipchirchir akakiri, “barua pepe mtu anaishika wapi.”

“Na leo ndio naambiwa rilei ni kampuni!” Patroba akafoka. “Ya wageni! Haiwezekani.”

“Mzee, unajua kwa nini seva yetu haiaminiki?”

“Haina muhuri.”

“Kila Jumatatu inatuma Neno la Mkurugenzi kwa watu elfu arobaini ambao hawakuliomba. Wanabonyezanga ‘taka’. Huko nje wanatuweka kapu moja na wauza dawa za nguvu za kiume.”

“Watu wanalipenda Neno langu! Kipchirchir, si wewe unalisomanga?”

Kipchirchir akainama kukaza kamba za viatu vyake.

“Basi sikiliza, Mama Cindy,” Patroba akamwambia Awinja. “Neno langu na barua zangu hazitatoka kwa seva nyingine isipokuwa hii. Ni agizo. Liandike.”

Awinja akaliandika neno kwa neno. Patroba akatia sahihi, akagonga muhuri mara mbili.

Awinja akalisoma tena, taratibu. Neno langu. Barua zangu. Za vijana hazikutajwa popote. Akageukia mashine.

“Unafanya nini?”

“Natekeleza agizo. Zako zibaki hapa. Za hawa watoto zinapita rilei.”

Akabadilisha mstari mmoja, akabonyeza. Mlangoni simu ya Sellah ikalia. Akasoma, akasoma tena, kisha akapiga kigelegele kilichomwamsha mlinzi getini.

“Nakusimamisha kazi!” Patroba akanguruma. “Naandikia makao makuu sasa hivi waidhinishe!”

“Andika, mkubwa. Lakini kwa seva yetu.”

Patroba akaandika kurasa mbili kali, akazituma kwa uhuru kamili. Nairobi wakazipokea mara moja, zikaingia zenyewe palepale panapokaa Neno la Mkurugenzi.