Mawese Kwenye Giaboksi

Jumatatu, 8 Januari

Gari limenivunjia heshima mbele za watu. Kilima cha Suame, kile ambacho hata mama muuza ndizi hukipanda na karai kichwani bila kupumzika. Nimekanyaga mafuta, injini ikapiga kelele, gari likabaki pale pale kama limefungwa kamba. Nyuma honi. Mama wa ndizi akanipita. Akaniuliza kama nataka lifti!

Nimelipeleka kwa Fundi Pokuaa. Hakuna anayezijua giaboksi za otomatiki kumzidi Kumasi nzima, na ulimi wake unakata kuliko msumeno. Alivuta kijiti cha kupimia oili huku injini ikiunguruma, akanusa, akanipa na mimi ninuse. Harufu ya maharage yaliyoungua. Akasema oili imepungua na iliyobaki imezeeka. Sili, kile kipete cha mpira cha kuzuia oili, imekatika, inavuja. Oili ikipungua, presha inashuka. Presha ikishuka, zile sahani za ndani zinazopeleka nguvu magurudumuni hazibanani. Zinasuguana tu na kuungua. Ndiyo maana injini inapayuka na magurudumu hayana habari. Dawa: kubadilisha sili, kufungua bakuli la chini, kusafisha chujio, kukagua sahani, kutia oili ya aina yake. Nimwachie gari wiki nzima, foleni ni ndefu.

Wiki nzima! Jumamosi saa tatu asubuhi natakiwa Mampong, juu ya ule mlima, kumposea mpwa wangu Boadu. Mimi ndiye mjomba mkubwa. Mimi ndiye msemaji. Na familia ya binti, Konadu, haichezi na saa. Mwaka jana mposaji mwingine alichelewa, wakamfungia mlango, na mpaka leo haujafunguliwa. Boadu amemsubiri Konadu miaka minne. Nikichelewa, kamkosa. Na nisipofika kabisa, atakayesema ni mdogo wangu Nti, mwenye pikapu ya gia za mkono na hotuba fupi kama risiti.

Nikamwambia Pokuaa oili nitatia mwenyewe. Akajibu sawa, Mzee, hata jino unaweza kujing'oa mwenyewe. Karakana nzima ikacheka. Sikucheka.

Jumanne, 9 Januari

Duka la vipuri. Oili ya giaboksi inatoka ng'ambo. Nyekundu. Nimeitazama ile chupa muda mrefu, mpaka muuzaji akaniuliza kama ni ndugu yangu.

Nyekundu! Sisi tuliosoma tunajua: karne ya kumi na tisa, mashine na reli za Uingereza zililainishwa kwa mawese yaliyotoka pwani hii hii. Walipaka vyuma vyao mafuta ya babu zetu, wakatajirika. Leo wanatuuzia oili nyekundu ya maabara, nasi tunashukuru na kuomba risiti. Utumwa wa kwenye chupa!

Nimeingia stoo ya mke wangu Dufie. Mawese safi, ya msimu huu. Nimeyachuja mara mbili kwa kitambaa, maana mimi si mtu wa ovyo. Lita mbili ndani. Nikawasha, nikaweka gia. Gari likaondoka kama limeitwa na mama yake!

Nimepanda kilima cha Suame mara tatu. Mara ya tatu nilimtafuta mama wa ndizi nimpe lifti. Hakuwapo. Hasara yake.

Dufie kauliza mawese yake yako wapi. Nimemwambia yako kazini.

Jumatano, 10 Januari

Nimepiga simu redioni, kipindi cha asubuhi. Wananijua. Mtangazaji akisikia sauti yangu hushusha pumzi. Dakika tatu nimewachapa wote: waagizaji, wizara, mafundi, wahariri wasiochapisha barua zangu. Nikatangaza kwamba giaboksi yangu inatumia mawese, na Jumamosi itapanda mlima wa Mampong taifa likishuhudia.

Mara Pokuaa naye akapiga! Hewani! Akasema mawese yamepandisha kiwango cha oili tu, hata ningetia uji gari lingesogea kidogo. Oili ya giaboksi imetengenezwa ivumilie joto, isitoe povu, iache sahani zishikane. Mawese yametengenezwa kwa ajili ya mchuzi. Tena kwa baridi ya mwezi huu yataganda. Akanisihi, na kwa upole kabisa, nisilipeleke mlimani. Nikamuuliza amesoma kitabu gani. Akasema hajasoma kitabu, amesoma giaboksi elfu mbili.

Mtangazaji akacheka mpaka akakimbilia tangazo la sabuni. Redio imeoza siku hizi.

Saa tano Nti kanipigia. Kasema, kaka, nimekusikia, Mungu akutangulie, mimi nafanya mazoezi ya hotuba, haina ubaya. Nimemkatia simu.

Alhamisi, 11 Januari

Boadu amekuja. Anataka chupa za jini, ile pombe ya posa, vitambaa na pete viende na pikapu ya Nti, na mimi pia niende nayo. Nimekataa. Vitu vya posa hukaa na msemaji. Nimevifungia kwenye buti, ufunguo mfukoni.

Kasema, Mjomba, mimi sitaki kuoa mapinduzi, nataka kumuoa Konadu. Nimemketisha, nikamweleza historia ya viwanda tangu mvuke wa kwanza, dakika arobaini bila kusoma karatasi. Akaondoka amejishika kichwa. Nadhani amefarijika.

Ijumaa, 12 Januari

Hamatani, ule upepo mkavu wa kaskazini, imekaza. Vumbi la jangwani limefifisha jua, midomo inapasuka, watu asubuhi wamevaa masweta. Dufie amenunua mawese mengine. Ameiweka chupa kwenye ukuta wenye jua ili yamiminike.

Nimemwona. Sikuuliza. Mwanamke ana namna zake za kupika.

Jumamosi, 13 Januari

Saa kumi na mbili asubuhi. Nimevaa kitambaa changu cha heshima. Nikawasha. Gia ya mbele: hakuna. Ya nyuma: hakuna. Injini inaimba, gari limelala. Yameganda!

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nilichukua jiko la mkaa, nikalisukuma chini ya giaboksi, nikasubiri. Baada ya nusu saa jirani akatokea na sahani, akauliza kama ni maharage na ndizi za kukaanga. Nikamwambia ni sayansi. Akasema basi sayansi inanukia vizuri, akabaki amesimama na sahani yake.

Saa moja u nusu gari likaondoka. Ushindi! Wengine walikuwa wametangulia; niliwaza nitakavyowapita. Njia tambarare, safi kabisa. Kisha mlima. Kona ya kwanza, injini ikapaza sauti. Kona ya pili, ikapaza zaidi, na miti ya kando ikaanza kwenda mbele. Miti haiendi mbele. Mimi nilikuwa narudi nyuma!

Nikavuta breki ya mkono, nikaweka jiwe kwenye gurudumu. Povu jekundu lilitoka chini ya gari, likaandika mstari barabarani. Lori tupu la viazi vikuu likapita, utingo akapaza sauti kuuliza supu inaiva saa ngapi.

Saa tatu ikafika. Ikapita. Saa tatu u nusu pikapu ya Nti ikateremka, Boadu kando yake, uso umekauka. Hakuna aliyenisalimia. Boadu alinyoosha mkono tu, apewe ufunguo wa buti, huku nikiwaeleza jinsi jiko la mkaa lilivyoyayeyusha mawese asubuhi. Mbele hapakuwa na nafasi. Nimepanda mlima wa Mampong nyuma ya pikapu, chupa za jini katikati ya magoti, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Mlango ulikuwa umefungwa. Mzee wao, mwalimu mkuu mstaafu, akasema kupitia dirishani kwamba wageni wa saa tatu hawakufika, na wageni wa saa nne yeye hawafahamu. Shangazi zetu walikuwa wamesimama uani na masinia yao, macho chini. Boadu akakaa kwenye ngazi. Aliweka tu mikono magotini, akawa anautazama mlango. Sijawahi kumwona mtu akikaa hivyo.

Nikakohoa nianze kusema. Nti akaniwekea mkono kifuani. Mdogo wangu wa kuzaliwa! Akasogea dirishani, akasema, wazee wetu, tumekosa, hatuna la kujitetea, kaka yetu ametia mawese kwenye giaboksi.

Kisha sauti ya mama mmoja kutoka ndani ikauliza mawese gani, haya ya kupikia? Nti akasema hayo hayo, mama, tena ya mkewe, na leo asubuhi ameyapasha moto kwenye jiko la mkaa gari likiwa juu yake.

Kicheko kilianzia jikoni. Kikapita sebuleni. Kikamfika mwalimu mkuu, akashika fremu ya dirisha kwa mikono miwili. Aliyefungua mlango ni Konadu mwenyewe, jambo ambalo bibi harusi hafanyi kamwe, machozi yakimtiririka, akimwambia Boadu ainuke kwenye ngazi, atachafua nguo.

Wametutoza faini ya chupa mbili, na sharti kwamba mimi nisiseme neno mpaka tuondoke. Kwa mila, Konadu akaulizwa mara tatu kama vinywaji vyetu vipokelewe, maana vikipokelewa amekubali. Mara tatu akasema vipokelewe. Boadu alilia. Nti alisema dakika nne, wakampigia makofi. Dakika nne!

Naandika hapa kwa ajili ya historia: bila giaboksi yangu kusingekuwa na kicheko, na bila kicheko mlango usingefunguka. Ndoa hii nimeijenga mimi. Hakuna aliyenishukuru.

Jumatatu, 22 Januari

Gari limerudi. Pokuaa amenionyesha yote. Chujio limezibwa na donge jekundu. Sahani zimeungua, nyeusi kama makaa, amezibadilisha. Sili mpya, kipete cha mpira kisichojaa kiganja. Ameosha kila tundu, ametia oili yake, ameipima injini ikiwa moto na inaunguruma. Gari linapanda bila kelele.

Kabla ya kunipa ufunguo ameniapisha mbele ya karakana, mkono juu ya boneti, kwamba sitagusa giaboksi tena maishani. Nimeapa kwa moyo safi. Mimi nikitoa neno nimetoa. Giaboksi namwachia yeye.

Breki ni habari nyingine.

Jioni hii nimesoma kwamba breki za magari ya zamani zilitumia mafuta ya nyonyo yaliyochanganywa na kileo. Ya nyonyo! Na sisi tunanunua maji ya breki kutoka ng'ambo, kichupa kidogo kama dawa ya macho. Mnyonyo umejiotea nyuma ya ukuta wangu, umejaa mbegu, hakuna anayeugusa. Kileo kimebaki nusu chupa. Kesho naanza kukamua.

Yule mwalimu mkuu ana kikao Kumasi siku ya Ijumaa. Nimemwandikia nikajitolea kumfuata Mampong. Amekubali, kwa sharti kwamba gari limetengenezwa. Limetengenezwa. Kwenda ni kupanda, na giaboksi imepona. Kurudi ni kuteremka tu, na kuteremka hakumhitaji fundi.