Mpelelezi Aliyefunika Miguu

Jumatatu, 6 Machi 2006
Rosalie amerudi kutoka hospitali. Jicho la kulia limefungwa bandeji. La kushoto halioni kitu tangu tulipokuwa Bukavu. Nilijitolea kumsomea. Akasema hapana, aitwe Hugues. Huyu Hugues wa mtaa jirani wa Sparkhill alifanya kazi Paris miaka mingi, akiwatia waigizaji wa Kimarekani sauti ya Kifaransa. Yule mpelelezi tuliyemtazama kwenye televisheni kule nyumbani, sauti ni yake. Mke wangu anasema inamtuliza. Yangu, anasema, inamfanya akae wima. Nilifundisha sarufi maisha yangu yote. Kukaa wima ndilo lilikuwa lengo!

Jumanne, 7 Machi
Hugues amekuja. Mfupi, ana kitambi, anakunywa chai kwa kelele. Nilitumaini Rosalie atazisikia kelele hizo. Hakuzisikia. Aliomba maneno ya mpelelezi, naye akayasema kwa Kifaransa: usiogope, bibi, mimi nipo. Rosalie akatabasamu kama siku ya harusi ya binti yetu Mireille. Nikamdadisi Hugues siri ya kazi yake, kana kwamba sijali.
"Mwalimu," akasema, "tazama mdomo wa mwigizaji. Akivuta pumzi, vuta. Akinyamaza, nyamaza."
Kunyamaza. Hapo pana ugumu.

Jumatano, 8 Machi
Mazoezi sebuleni, televisheni bila sauti. Mwigizaji alipigwa risasi, akaanguka, akazikwa. Mimi bado sijamaliza sentensi. Siwezi kuiacha sentensi katikati. Jirani yetu Paramjit akagonga, akauliza kama nimeshikwa na kifua. Ameacha tangawizi.

Alhamisi, 9 Machi
Hugues amepiga simu: amepata kazi London, hatakuja. Sikumwambia Rosalie. Nilitoka nje, nikagonga mlango wangu, nikajikaribisha kwa sauti yangu, nikashukuru kwa sauti ya Hugues. Nikaingia chumbani, nikamfunika miguu, nikaketi. Usiogope, bibi, mimi nipo. Akanishika mkono. Akasema anaogopa bandeji itatolewa akute giza. Mumewe, akasema, hajamweleza, maana atakosa usingizi bure.
Nilikuwa na mengi ya kusema. Nikanyamaza. Tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Ijumaa, 10 Machi
Bandeji imetolewa. Anaona! Aliyeonekana kwanza ni mimi. Akalia, akacheka, akasema tai yangu imekaa upande. Kwenye basi la kurudi nyumbani Bordesley Green akaniinamia.
"Baba Mireille, nilikujua uliponifunika miguu. Nani mwingine hufanya hivyo kabla ya kukaa? Yale maneno nilikuwa nakuambia wewe."
Akaongeza kwamba siku akiogopa tena, nimwendee na sauti yangu mwenyewe.
Nimelitafakari jambo hili jioni nzima. Ni dhahiri kwamba sauti haikuwa na kasoro. Nimeangushwa na blanketi. Wiki ijayo Rosalie anang'olewa jino, na meno anayaogopa kuliko macho. Nimeshamwomba Hugues kanda ya filamu aliyomtilia sauti daktari. Safari hii sitamfunika.
Naweka kalamu kidogo. Amesinzia kwenye kochi, na miguu iko wazi.