Kimeng'enya cha Binti Yangu

Jumatatu, 9 Juni

Binti yangu ameunda kimeng'enya, protini ya kuendesha kazi za mwili! Cha binadamu, ila kimezaliwa ndani ya bakteria. Yeye na wenzake wa maabara wamepachika jeni yetu kwenye vijidudu, vijidudu vikakitengeneza. Mimi niliishia darasa la saba, na huyo nimemzaa mimi.

Nikamkimbilia wifi yangu, dada wa mume wangu. Akauliza kinaliwa na nini. Kisha akarudia habari za mwanawe daktari wa meno, eti yeye angalau kazi yake inaonekana mdomoni mwa watu. Damu ikanichemka. Nikamwambia chetu kinatibu saratani. Hapo habari za meno akaziacha.

Jumanne, 10 Juni

Binti kanikaripia, mimi mamake. Eti mama, si dawa, acha kudanganya watu. Ni cha utafiti tu. Kazi yake kugonga mihuri kwenye protini nyingine ziamke. Kwenye saratani kinagonga bila kukoma, ndiyo maana wanatafuta dawa ya kukizuia.

Sasa nimekosea wapi? Saratani si imetajwa?

Kumbe ukweli keshampa na wifi. Leo ameniita Mama Dawa mbele ya muuza mkaa. Hanijui yule.

Jumatano, 11 Juni

Jioni binti amepitia kwangu na boksi la barafu kavu, ile inayofuka moshi. Ndani kichupa kama kifuniko cha kalamu. Kesho anakipeleka kwa watafiti wa mji mwingine. Kikifanya kazi, profesa wake wa maabara anamwajiri moja kwa moja. Kisipofanya, mkataba basi. Akanionya nisikiguse, akaingia kuoga.

Nikamwita wifi dirishani.

Kilikuwa kimeganda. Nikakipasha kiganjani mpaka kikayeyuka. Wifi akachungulia: mbona maji, wifi yangu? Hasira zikanipanda. Dawa ya chupa hutikiswa kwanza, kila aliyelea mtoto anajua. Nikakitikisa kwa nguvu zangu zote. Kikatoa povu. Nikamwambia aone nguvu hiyo. Akasema hata sabuni yake ya kufulia inazo.

Nikakirudisha kwenye barafu, nikafunga vizuri kabisa.

Ijumaa, 13 Juni

Kimekufa. Watafiti wamekipima, hakigongi hata muhuri mmoja. Binti kapiga simu, anauliza nani alikigusa. Nikasema wifi. Akasema protini haitikiswi, mama, ikitoa povu imeharibika.

Mimi sikumtajia povu. Mbea mkubwa yule wifi.

Na kimeng'enya gani kinakufa kwa kushikwa? Yeye nimemshika kwa mikono hii hii tangu mchanga, mbona yu hai?

Jumapili, 15 Juni

Kwangu hapiti tena. Habari nazipata kwa baba yake, ambaye hajui kuficha: profesa kampa nafasi ya mwisho. Alhamisi atapima kichupa kingine mbele yake, palepale maabara.

Nimewaza mchana kutwa, nimekasirika mpaka chai imenipoa. Mtoto anaonewa kwa sababu anasimama peke yake, kama hana kwao. Anako. Nimewaambia shangazi zake wote, muuza mkaa, na wifi mwenyewe, aje ashuhudie afunge mdomo. Binti hajui, atafurahi sana. Kichupa nitakishika mimi, safari hii kwa kitambaa, na nitakitikisa taratibu.

Wote tunakutana mlangoni pa maabara Alhamisi asubuhi.