Kalamu ya Marehemu Selestini

Jumatatu, 7 Juni 1993. Newala.
Leo naanza shajara. Jirani yangu Mwalimu Reginald huandika yake barazani kila alasiri, na wapita njia hupunguza sauti kama wanapita kanisani. Heshima ile naitaka. Zamani hata daftari la shule lilikuwa la kupanga foleni. Sasa duka la Shamte limejaa madaftari ya China, mengine yana maua, mengine yana kufuli. Nimechagua jeusi, jalada gumu, pembe nyekundu. Kalamu imenishinda. Nimejaribu zote kwenye boksi la sabuni mpaka Shamte akauliza kama nanunua au nafanya mtihani. Zinakwaruza. Naandika kwa penseli ya mke wangu.

Jumanne, 8 Juni.
Selestini, karani wa kanisa, aliyefariki masika haya, aliacha kalamu ya wino yenye nibu ya dhahabu. Reginald aliiomba, mjane, Mama Rose, akakataa. Mimi nina akili zaidi. Nimempelekea Mama Rose ndoo ya maji, maana hapa Newala maji ni zawadi, nikamwambia marehemu aliniahidi kalamu ile siku zake za mwisho.
Akaipokea ndoo.
“Baba Mabel, siku za mwisho sauti ilikuwa imemkauka. Hakusema na mtu.”
Akaingia ndani, akaniletea kalamu. Alikuwa anatabasamu. Sikulipenda tabasamu lile.

Jumatano, 9 Juni.
Inateleza vizuri mno. Ila herufi zangu zimeinamia kushoto, kama mihogo iliyopigwa na upepo. Sijawahi kuandika hivi. Mke wangu ameona nilichomwandikia cha kununua sokoni, akauliza nani kaandika. Wino sijatia bado. Haujaisha.

Alhamisi, 10 Juni.
Nilikusudia kuandika: Nilizaliwa Mkunya. Nilipotazama, karatasi ilisema: Nimechoka kulala chali.
Nimekata mstari. Nikampelekea Reginald aone kalamu, si maneno. Akaona maneno. Akavua miwani, akasema mwandiko ule aliusoma kwenye matangazo ya kanisa miaka mingi, na kwamba niirudishe leo leo. Wivu huo. Nimemwambia hivyo. Hakukasirika, jambo lililonitia baridi.

Ijumaa, 11 Juni.
Mama Rose amekuja na kigoda chake, akaketi mbele yangu bila kukaribishwa. Akaniomba niandike. Nikasema leo sina la kuandika.
“Si wewe ninayekuomba,” akasema.
Mkono ukaenda wenyewe. Uliandika jina lake la ubatizo, Cecilia, kisha: Shemeji yako akija tena na mnunuzi, usimpe shamba. Mikorosho ile ni ya Rose.
Alisoma, akalia taratibu, akakunja karatasi akaitia kwenye kanga. Akasema ahsante, Baba Rose. Nami nikajibu, haya, nenda salama, mke wangu. Kwa sauti kavu isiyo yangu.
Mama Mabel, mke wangu mwenyewe, alikuwa mlangoni. Ameingia ndani, amefunga.

Jumamosi, 12 Juni.
Nimeirudisha, nimekwenda nusu nakimbia. Nimekiri kwamba ahadi ile niliitunga. Mama Rose akasema alijua. Lakini shemeji alikuwa aje leo na mnunuzi, naye alihitaji mkono wa mtu, wowote, na wangu ulijileta. Shemeji kweli alikuja. Ameonyeshwa karatasi yenye mwandiko wa marehemu, akafukuzwa.
Mama Mabel amenifungulia mlango baada ya kunisikia nikiimba tenzi vibaya, kama kawaida yangu.

Jumapili, 13 Juni.
Penseli tena. Herufi zimesimama wima. Nimeapa: vitu vya marehemu sivigusi.
Baada ya ibada nimesikia kwamba kule Tandahimba amefariki mfanyabiashara mmoja wa korosho, na ameacha taipureta. Nimewaza sana. Taipureta haina mwandiko wa mtu. Nitawaambia wafiwa tulikuwa marafiki wa utotoni. Basi linaondoka kesho asubuhi, na Reginald bado hajasikia.