Kikombe cha Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa nane. Kasongo.

Ernestine amepiga simu kutoka Wamaza. Hatimaye! Tangu mke wangu apande pikipiki na mtoto wetu Naomie kwenda kwa mama yake, nyumba hii ina mwangwi. Ninakohoa, ukuta unanijibu.

Chanzo ni tumbo. La Naomie, si langu. Langu halijawahi kulalamika. Muganga wa kituo cha afya alisema ni maji ya kunywa. Mimi nikasema maji ya kisima chetu ni meupe pe, unaona mpaka mchanga wa chini, na ya kuchemsha yananuka moshi. Nilisema hayo mbele ya mtoto aliyelala mkekani bila nguvu ya kufukuza nzi. Laiti ningefunga mdomo. Naomie alipopata nafuu tu, Ernestine akafunga virago.

Sasa ujumbe wake. Mama yake, Mama Emilienne, anawaleta Jumapili. Kwetu mama mkwe akija na neno moyoni, hali kitu wala hakai vizuri mpaka apewe maji. Akinywa, neno limelainika. Akirudisha kikombe kimejaa, usiulize. Ernestine hakuzunguka. Akikunywa, tunabakia, amesema. Akikataa, tunapanda pikipiki ile ile.

Basi. Nina wiki nzima ya kuchagua namna ya kusafisha maji. Mimi, Antoine, mwandishi wa vibao vya nusu ya maduka ya mji huu! Nitashindwa na maji?

Jumanne, tarehe 6.

Nimechagua: ndoo ya mchanga. Changarawe chini, mchanga katikati, makaa juu. Maji machafu yanaingia, maji safi yanatoka kwenye tundu la msumari. Nimeona zamani kwenye picha. Picha ilikuwa nzuri sana.

Nilianza na jambo la muhimu, yaani kibao. Nusu siku ilikwenda hapo. Juu ya ndoo nikaandika MAJI SAFI, herufi nyekundu zenye kivuli cha bluu. Chini yake tone la maji linalocheka. Watu wawili walisimama kutazama. Nikajisikia mtu.

Mchana nikamimina maji. Yakatoka meusi tii. Nikangoja. Yakaendelea kutoka meusi, na juu yake yakielea maduara ya rangi rangi. Ndipo nikakumbuka ndoo hii ilikuwa ya nini kabla ya kuwa ya maji. Ni ndoo yangu ya rangi ya mafuta.

Nikamwekea kidogo mbuzi wa jirani yangu Moustapha, kwa majaribio. Akanusa. Akanitazama. Akaondoka zake taratibu, kama mtu anayetoka kwenye mkutano ambao hautamfaa. Sikumlazimisha. Sipendi maneno na Moustapha.

Moustapha ana chungu cha kuchujia maji. Kipo sebuleni kwake, juu ya kimeza chake mwenyewe, kimevishwa kitambaa cha kufuma. Udongo ndani, kibomba cha kufungulia nje. Kila mgeni anapewa glasi, kila mgeni anatoka akisifia: ah, maji ya kwa Moustapha! Mimi pia nimewahi kupewa. Yalikuwa matamu. Sikusema.

Jumatano, tarehe 7.

Nimekwenda kituo cha afya kumwona muganga Nathanaël. Aliniuliza kwanza hali ya Naomie. Nikasema yuko kwa bibi yake, anapumzika. Akauliza, na mama yake naye anapumzika? Huyu mtu anasikia hata usichosema.

Akasema njia ni nyepesi. Chemsha maji yatokote vizuri, funika sufuria, yaache yapoe humo humo, basi. Nikamwambia hiyo ni njia ya kila mtu. Akasema ndiyo, kwa sababu kila mtu ana tumbo. Nikamwuliza kama hakuna njia nyingine yenye heshima zaidi. Akashusha pumzi, akasema iko ya jua. Unajaza maji chupa za plastiki, nyeupe, zinazoonyesha ndani, unazilaza juu ya bati tangu asubuhi mpaka jioni. Jua linaua vijidudu.

Jua! Halikatiwi kuni, halipulizwi. Linafanya kazi nawe umelala. Muganga aliendelea kusema, lakini nilikuwa nimeanza kukitazama kibao cha kituo chao. Nani kaandika ile A? Inaanguka!

Alhamisi, tarehe 8.

Hakuna chupa ya plastiki Kasongo. Nimezunguka soko lote. Kila chupa ina mafuta ya mawese ndani yake. Nikaomba moja tupu kwa mama mmoja, akanijibu kwamba chupa tupu ndiyo mtaji wake, niende na akili zangu.

Nikafikiri. Baa ya karibu na uwanja wa mpira nimeiandikia ukuta. Wana chupa tupu za bia kreti kwa kreti. Wameniazima sita. Ni za kahawia, ni kweli, hazionyeshi ndani. Lakini kitu cheusi kinashika joto. Hata mtoto anajua. Huenda muganga hakulifikiria hilo.

Nimezijaza maji ya kisima na kuziziba na magunzi ya mahindi. Kila moja nimeipaka alama yangu, A nyekundu yenye mkia, ile ile ninayoweka pembeni ya vibao. Kazi nzuri lazima ijulikane ni ya nani.

Limebaki jambo moja. Nyumba yangu imeezekwa majani. Mabati yako kwa Moustapha.

Ijumaa, tarehe 9.

Ningependa kuiruka siku hii.

Moustapha alikwenda msikitini. Soraya, mke wake, alikuwa sokoni. Ngazi ninayo, ni chombo changu cha kazi. Nikapanda. Bati lilikuwa linachoma mpaka magoti. Nikazilaza chupa ndani ya mifereji ya bati, na chini yake nikaweka kijiti kuzizuia. Nikashuka. Nikaketi nyuma ya ndoo yangu kulinda kwa mbali. Jua linataka siku nzima, na nilisahau kwamba watu wanaokwenda kusali hurudi.

Moustapha alirudi na wazee wawili wa msikiti. Aliwaalika chakula. Wamesimama mlangoni wanavua viatu, njiwa wa Soraya akatua juu ya kijiti changu, kikachomoka. Njiwa mmoja tu! Chupa ya kwanza ikateremka na kelele ya gari moshi. Ikazivuta nyingine. Pah! Pah! Mchanga uliziokoa, hakuna iliyovunjika. Laiti zingevunjika! Zililala pale, chupa sita za bia, mbele ya miguu sita ya watu waliotoka kusali. Gunzi moja likaruka, povu likamwagika. Lilikuwa povu la maji tu. Nani angejua?

Mzee mmoja akavaa tena kiatu chake. Wa pili akasema amekumbuka kuna mtu anamngoja. Moustapha hakupiga kelele. Aliinama, akaokota chupa moja moja, akaingia nazo ndani. Kupitia mlango nilikiona chakula kimefunikwa kwenye mkeka, cha watu watatu.

Nilipaswa kusimama. Hatua chache tu, na neno moja: ni zangu. Nilibaki nyuma ya ndoo iliyoandikwa MAJI SAFI, nikamwacha mtu asiyeonja hata tone aitwe mlevi. Ninaona aibu hata kuiandika.

Jioni nimesikia sauti ya Soraya, analia au anafoka, sikujua. Sikula.

Jumamosi, tarehe 10.

Hodi mapema. Moustapha! Nikafikiri, leo ndiyo leo.

Alikuwa amekumbatia kitu kilichofunikwa. Kile chungu, na kitambaa chake cha kufuma. Amesema mtaa mzima unajua mama mkwe wangu anakuja kesho. "Papa Naomie, mugeni akifika kwako, maji isikose." Jirani hawezi kukaa na maji mazuri ndani wakati nyumba ya pili inavunjika kwa kukosa kikombe, ndivyo alivyosema. Nijaze leo, yachujike polepole, kesho yatakuwa tayari. Akaongeza mara mbili kwamba nisikiguse ndani. Nimimine tu maji, nikiache.

Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwa pale pale kwenye ulimi. Yeye akasimama kidogo, kana kwamba ana nafasi ya kusikiliza. Nikamwambia asante sana, jirani, Mungu akubariki. Akatikisa kichwa, akaenda.

Nilijisikia mdogo. Halafu nikafunua chungu.

Ndani kulikuwa na utelezi! Ukijani kidogo, pembeni. Mama Emilienne ana macho ya kuona jiwe kwenye kunde kabla hazijapikwa. Je, akifunua? Na zaidi, mtu amekuazima kitu, unamrudishia kilivyo? Angalau hili ningemfanyia Moustapha, kwa sababu ya jana. Nikachukua sabuni ya unga, maji ya moto, brashi. Nikasugua ndani na nje mpaka udongo ukang'aa kama kigae kipya. Nikakiloweka kwa maji hayo hayo ya sabuni mchana kutwa. Nimekisuuza mara moja, nikajaza maji ya kisima.

Kwa mara ya kwanza wiki hii nimefanya jambo jema.

Jumapili, tarehe 11.

Wamefika mchana, wekundu wa vumbi kutoka kichwani mpaka kucha. Pitchou, mwenye pikipiki, hakuvua kofia yake. Alikuwa ameambiwa angoje. Naomie alinikimbilia. Amekonda shingo, lakini alicheka. Ernestine alibaki karibu na pikipiki, begi mkononi.

Nikapiga magoti kama inavyotakiwa, macho chini, mikono miwili, kikombe. Nilikuwa nimefungulia kibomba mbele yao wote ili waone. Mama Emilienne alikuwa na kiu ya njia nzima ya Wamaza. Akanywa funda moja. Halikushuka. Likakaa kwenye shavu lake muda mrefu. Akageuka kwa adabu, akalitema nje ya mlango, na kwenye vumbi kukabaki povu, jeupe, linatoa mapovu madogo.

Akanirudishia kikombe. Bado kimejaa. Akasema, "Kunywa, mukwe wangu." Nikanywa. Udongo ule ulikuwa umekunywa sabuni yangu yote na sasa unairudisha. Nilicheua, likatoka povu na kwenye pua.

Pitchou akawasha pikipiki.

Ndipo Naomie akasema ana kiu. Neno dogo, alilisema bila kumwelekea mtu. Nikatazama huku na huku. Nina ndoo yenye kibao kizuri kuliko vyote Kasongo. Nina chungu cha jirani. Na hapakuwa na kikombe kimoja cha maji ambacho ningethubutu kumpa mtoto wangu. Moyo uliniuma vibaya. Nikasema kwa sauti kwamba kosa ni langu, tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyenipinga.

Ernestine akaweka begi chini. Aliingia jikoni, akachukua sufuria, akawasha moto. Mimi nikapepea. Maji yakatokota, akafunika, tukangoja yapoe, wote tumekaa tukitazama sufuria. Pitchou akazima pikipiki na kuvua kofia. Naomie akanywa wa kwanza, vikombe viwili. Kisha Mama Emilienne akanyoosha mkono. Akanywa mpaka chini. Akajipangusa mdomo, akasema yananuka moshi kidogo, lakini ni maji. Halafu sharti lake. Kila jioni mukwe mwenyewe atachemsha, kwa mkono wake, akiwa ameketi hapo hapo. Siku Naomie akiumwa tena tumbo, yeye hatakuja kunywa, atakuja kuchukua.

Wamebaki! Nimeapa.

Jioni Moustapha na Soraya wakaja kuchukua chungu. Soraya alikionja kwa kidole, akatema, akarudi kwake. Chungu kimekwisha, hakitachuja tena. Moustapha alikuwa na kikapu. Akakiweka mbele yangu. Chupa sita, zimeoshwa, na kwenye kila moja A nyekundu yenye mkia.

"Hii ni mukono yako. Niliijua tangu Ijumaa."

Tangu Ijumaa! Ina maana Jumamosi alikuja na chungu akijua. Alisimama pale mlangoni akinipa nafasi, na mimi nikamwambia Mungu akubariki. Nilitamani anitukane. Alinitakia usiku mwema na kumpa Naomie ndizi.

Kesho nitakwenda kwa wale wazee wawili kusema ukweli. Kesho asubuhi, kabla ya lolote.

Jumatatu, tarehe 12.

Asubuhi niliamka nikiwa na wazo, kwa hiyo sikwenda kwa wazee. Kesho.

Sasa ni jioni. Sufuria iko motoni, nimeketi hapo hapo kama nilivyoapa. Lakini inachelewa! Mwanamume mzima kutazama sufuria! Na papo hapo, mabati ya Moustapha yanachemka bure siku nzima. Kosa langu lilikuwa rangi ya chupa tu. Leo nimebadilisha zile sita za baa kwa mama wa mawese, nikaongeza kibao kidogo cha meza yake. Plastiki, nyeupe, zinaonyesha ndani. Zikilala juu ya bati usiku huu, jua la asubuhi litazikuta tayari. Nikifaulu, Moustapha mwenyewe ndiye atakuwa wa kwanza kupata maji yangu, badala ya chungu chake. Nimechora hata kibao: MAJI YA JUA, ANTOINE NA JIRANI. Jua lina miale. Mwale wa tatu umenisumbua kidogo.

Baadaye. Naomie amekuja kuniambia sufuria inanuka. Kweli. Maji yamekauka yote, chini pamekuwa peusi. Ernestine ameuliza maji ya mtoto yako wapi. Nimemwambia yamesafika mno mpaka hayaonekani. Hakucheka. Ametazama begi lake, lile ambalo bado hajalifungua, kisha amemshika Naomie mkono na kwenda kuomba kikombe kwa Soraya.

Nasikia Moustapha anawakaribisha. Wote wameingia ndani, mlango umefungwa. Kwa hiyo juu ya bati hakuna anayetazama, na ngazi iko hapa hapa.